Nesi wa Zamu ya Usiku Alale Saa Ngapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru na Kakamega, na zote tatu zinahusu kukesha kazini. Majina nimeyaficha kama kawaida. Wasomaji wapya wajue kwamba mimi si daktari. Nilikuwa nesi wa wodi huku Nyanza na Magharibi mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya watu wengine wakiwa wamelala.

*Mama, nakusalimu kutoka Kisumu. Mimi ni nesi wa leba, wodi ya kujifungulia, katika hospitali moja ya umma. Wenzetu walihamishwa na hakuna aliyeletwa kujaza nafasi zao, kwa hiyo naiti zinanirudia kila mwezi, na hata nikiwa ofu napigiwa simu. Asubuhi nafika nyumbani saa mbili na nusu. Watoto wameshaenda shule, ila vyombo vya jana viko kwenye karai na sare zinangoja kufuliwa. Kitanda nakipata saa tano. Nyumba yetu iko Manyatta, haina dari, na saa hizo mabati yameshashika moto. Saa saba naamka nimelowa jasho, na hapo usingizi umekwisha. Mama mkwe yuko kwetu, ametoka Siaya kuja kutibiwa macho. Hanisemi vibaya, lakini kila akiniona natoka chumbani mchana huniuliza kama naumwa.*

*Usiku kazini, ikifika saa kumi, najikuta nimesimama katikati ya wodi na sindano mkononi, sikumbuki nilikuwa naenda kitanda kipi. Cha kushangaza, nikiwa ofu hata usiku silali. Kuna mama tuliyempoteza baada ya kujifungua. Alivuja damu sana, na damu ya kumwongezea ikachelewa kufika. Nikifumba macho namsikia akiuliza mtoto yuko wapi. Nilianza kumeza Piriton mbili ili nilale, zikaacha kunisaidia. Mwenzangu akanipa diazepam, na sasa naimeza karibu kila siku. Naomba uniambie ni dawa gani ya usingizi iliyo salama kutumia kwa muda mrefu.*

*Nesi wa Leba, Kisumu*

Binti yangu, swali la dawa nalijibu kwanza kwa sababu haliwezi kungoja. Dawa hiyo unayoitafuta haipo.

Piriton ni dawa ya mzio, ya mafua ya vumbi na ngozi inayowasha. Usingizi inaoleta ni athari ya kando tu, na mwili huuzoea upesi, ndiyo maana sasa hulali nayo. Lakini kukuzubaisha haijaacha. Inakaa mwilini muda mrefu, na ile unayoimeza saa tano asubuhi unaingia nayo kazini jioni.

Diazepam ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili. Inakaa zaidi ya siku nzima, na hata ini likishaivunja, kinachobaki nacho kina nguvu zake kwa siku kadhaa. Kila kidonge unachomeza kinakuta mabaki ya cha jana na cha juzi. Kwa hiyo ule uzito wa kichwa wa saa kumi usiku, sehemu yake ni kukosa usingizi na sehemu yake ni kile kidonge unachokimeza ili upate usingizi. Usikiache leo kwa hasira ya kusoma maneno haya. Mtu aliyeimeza kila siku kwa majuma kadhaa akiikata ghafla anaweza kutetemeka, kuingiwa na hofu kubwa, hata kupata degedege. Nenda wiki hii kwa daktari, ikiwezekana asiye wa wodi yenu, umwambie unameza kiasi gani na tangu lini, akupunguzie polepole. Huyo mwenzako sikuulizi alikitoa wapi. Mimi na wewe tunajua dawa hizo zina rejista, na tunajua hesabu isipolingana anayeitwa ofisini ni aliyekuwa zamu.

Sasa tuzungumze juu ya mchana wako, kwa maana hapo ndipo pameharibika zaidi.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kundi dogo la seli zinazopima saa 24 za mwili. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo, na waliichunguza kwa nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zikiiva sana. Kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga unaoingia machoni. Angalia basi mahali tunapoishi. Ikweta inapita hapo Maseno. Kisumu jua linachomoza mnamo saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, tofauti ni ya kama nusu saa tu. Nesi wa Ulaya akitoka zamuni wakati wa majira ya baridi hukuta bado giza. Wewe ukimaliza kupeana ripoti na kufika getini, jua limeshapanda na linakumulika usoni, na ubongo unaambiwa kumekucha, kazi ianze.

Kwa hiyo tangu getini, miwani ya jua. Hata hiyo ya barabarani inafaa. Ongeza kofia au leso kichwani. Panda boda au matatu moja kwa moja hadi nyumbani. Soko la Kibuye usipite, sukuma wiki itakuwepo jioni. Ukifika, kunywa uji kidogo, oga maji ya uvuguvugu, uingie kitandani. Vyombo vikae kwenye karai. Nasema hivi nikijua utaumia kuviona, lakini hizo saa mbili unazofua na kuosha ndizo saa pekee ambazo nyumba ya mabati Kisumu inalalika. Ili usingizi uje, mwili unahitaji kupoa kidogo ndani. Saa tatu asubuhi bado unaweza. Saa tano umechelewa, na saa saba huwezi kushindana na bati lisilo na dari. Zungumza na mwenye nyumba kuhusu dari, hata ya mbao nyembamba. Akikataa, funika dirisha kwa blanketi au leso nzito, na kama kuna feni iwashwe. Masikioni tia pamba. Hiyo hatuwezi kusema manesi hatujui inapatikana wapi.

Simu uizime kabisa. Najua utaniambia kuna kundi la WhatsApp la wodi na inchaji, msimamizi wenu, huulizia humo nani ataziba pengo. Ndiyo sababu nasema izimwe. Mpe mtu mmoja namba ya mumeo kwa dharura ya watoto, na wodi isiwe na namba hiyo.

Ukilala saa tatu hadi saa saba na nusu, halafu alasiri ukalala tena kwa muda wa saa moja na nusu upepo wa ziwa ukishaanza kuvuma, umepata saa sita. Si haba. Usingizi wa vipande viwili ni usingizi halali kwa mtu wa naiti, na hicho cha alasiri kina faida ambayo wengi hawaijui. Watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za mikono na akili kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe unaamka saa saba mchana, hulali tena, na saa kumi na mbili asubuhi bado unapima presha za akina mama. Piga hesabu: ni saa 17 kamili. Ukijilaza alasiri na kuamka saa kumi na moja unusu, hesabu hiyo inaanza upya.

Kuhusu mama mkwe, usimweleze wewe. Mumeo ndiye amweleze mama yake, tena mapema, akiwa amekaa naye na chai. Mkamwana akieleza kwa nini analala mchana, hata maneno yawe matamu namna gani, itasikika kama kujitetea. Mwana wake akisema "mke wangu anafanya kazi usiku kucha, asubuhi ndio usiku wake, tusaidiane kumlindia mlango," utashangaa. Huyo mama anayekuuliza kama unaumwa hakulaumu. Ana wasiwasi. Wamama wa umri wake nimewaona wakisimama mlangoni kufukuza watoto na wauza nyanya kuliko askari yeyote. Mumeo naye akunje mikono ya shati na karai hilo alimalize kabla hajatoka. Barua yako imemtaja mara sifuri, nami nimeliona hilo.

Kazini, ile saa ya hatari unaijua tayari. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja usiku joto la mwili huwa limeshuka kabisa na akili huzubaa hata kwa aliyelala vizuri. Kama kuna dawa ya kupigiwa hesabu saa hizo, magnesiamu ya kifafa cha mimba hasa, isomwe na watu wawili kwa sauti. Hakuna aibu hapo. Mkiwa wawili na inchaji akakubali, kila mmoja apumzike dakika 20 kwa zamu, zisizidi 30, kwa sababu ukizama zaidi ya hapo utaamka mzito kuliko ulivyolala. Chai ya rangi ya kukoroga sukari nyingi ninayoijua ya leba, inywe mwanzo wa zamu. Nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa kumi usiku unakipeleka kitandani asubuhi.

Usiku wa ofu usijilazimishe. Ukikaa kitandani muda wa kama dakika 20 bila usingizi, ondoka, kaa sebuleni kwenye mwanga hafifu, rudi macho yakianza kufunga. Kitanda kisiwe mahali pa kukodolea dari, au kwa upande wako mabati. Wataalamu wana tiba nzima iliyojengwa juu ya mazoea kama haya pamoja na mazungumzo, na huipendekeza kabla ya vidonge kwa mtu anayekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu. Ukifika hapo, mwambie daktari huyohuyo wa diazepam.

Lakini hata ukiyafanya haya yote, yule mama atakuja.

Nimeliweka mwisho kwa kuwa sikutaka ulisome kwa haraka. Mama akifa leba, hospitali ina utaratibu wake. Kunakuwa na kikao cha kuchunguza kifo. Faili linafunguliwa, watu wanauliza damu iliombwa saa ngapi, ilifika saa ngapi, nani aliitwa, nani aliitika. Kikao hicho kinahitajika na ninakiunga mkono, kimeokoa akina mama wengine. Ila hakuna anayemuuliza nesi aliyemshika mkono alirudi nyumbani vipi, na viatu vyake alivisafishia wapi. Unaandika taarifa yako, unasaini, na jioni unarudi kwenye kitanda kilekile na mama mwingine amelala juu yake. Wewe ulimsikia akiuliza mtoto. Sauti hiyo haina pahali pa kwenda, ndiyo maana inakungoja ufumbe macho.

Mtafute aliyekuwa nawe usiku ule. Huenda ni mkunga mwenzako, huenda ni mfagizi aliyeleta ndoo, huenda ni yule kijana wa maabara aliyekimbia na chupa ya damu. Kaeni mahali nje ya hospitali mkasimuliane mambo yalivyokwenda, mwanzo hadi mwisho, bila kutafuta mwenye kosa. Halafu mwone mshauri nasaha. Hospitali nyingi kubwa zinaye, na kama unaona haya kuonwa ukiingia mlango huo kazini kwako, Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199, haikutozi kitu. Ndoto na sauti zikizidi mwezi mmoja, hilo si huzuni ya kawaida tena na lina tiba yake. Na siku utakayowaza kwamba ingekuwa afadhali usiamke, siku hiyohiyo umwambie mtu na uende hospitali kama mgonjwa, usiende kama nesi.

Neno moja juu ya rosta. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza kwamba uchovu uliokithiri wa kazini hutokana na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukushughulikiwa. Soma tena: wa kazi. Ushauri wangu wote wa miwani na leso dirishani hauwezi kuzaa manesi waliohamishwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku ya kupigiwa simu urudi kazini si mapumziko. Andikeni barua pamoja, nyote wa leba, nakala kwa mwakilishi wa chama chenu. Ombeni zamu zifuatane asubuhi, alasiri, kisha usiku, kwa sababu mwili huvumilia kusogezwa mbele kuliko kurudishwa nyuma. Barua ya mtu mmoja hutafutiwa droo.

*Mama, mimi ni fundi wa magari hapa Nakuru, mtaa wa Kaptembwa. Mke wangu ni nesi. Akirudi kutoka zamu ya usiku hasemi na mtu, nikimuuliza jambo ananijibu neno moja. Jioni anachangamka akienda kazini. Rafiki yangu gereji ameniambia nifungue macho. Je, ana mtu?*

*Fundi, Nakuru*

Ana usingizi, baba.

Huyo rafiki wa gereji hajawahi kuhudumia wodi ya wanaume peke yake hadi asubuhi. Kuchangamka jioni ni kwa sababu ametoka kulala, na pia ndiyo saa ambayo mwili wa kila mtu huwa macho. Fanya jaribio la wiki mbili. Asubuhi usimweleze habari za karo, kodi wala ndugu zako. Mpokee mkoba, mwekee chai isiyo na majani mengi, ondoka uende gereji. Mazungumzo yawe saa kumi na moja jioni kabla hajavaa sare. Nakuru mna bahati ya baridi ya asubuhi ambayo watu wa Kisumu wanaililia, kwa hiyo kazi yako ni pazia nzito tu, na kumwomba jirani mwenye spika aelekeze muziki upande mwingine. Baada ya wiki hizo mbili kama bado hasemi nawe jioni, niandikie tena. Hapo tutakuwa na jambo lingine la kuzungumza, na huenda likawa ni msongo wa mawazo na sio mwanamume.

*Shikamoo Mama. Niko mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, Kakamega. Nimesikia kwamba zamu za usiku huleta saratani. Mamangu anataka nibadilishe kozi. Ni kweli?*

*Mwanafunzi, Kakamega*

Marahaba, mwanangu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo kuna uwezekano mkubwa kwamba yanasababisha saratani kwa binadamu. Hiyo ilikuwa 2007, na mwaka 2019 waliitazama tena wakaiacha palepale. Mwambie mama kwamba nyama nyekundu imo kwenye kundi hilohilo, kwa hiyo siku mtakayochinja ng'ombe kwa sherehe yako ya kufuzu msimlaumu nesi peke yake. Kuku, kwa bahati nzuri ya watu wa Kakamega, hamo.

Kundi hilo linaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani. Halisemi hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani kwa mtu mmoja. Wanaoangaliwa zaidi ni waliokesha kwa miaka mingi. Usibadilishe kozi kwa sababu hiyo. Ukianza kazi, kula chakula kizito kabla ya zamu na si saa nane za usiku, pima presha na sukari yako kama unavyowapimia wagonjwa, na unapoulizwa na inchaji kama unaweza kuongeza naiti nyingine juu ya zile ulizopangiwa, jizoeze mapema kusema hapana. Ukikubali mwaka wa kwanza, jina lako litakuwa la kwanza kupigiwa simu hadi ustaafu.